Ukingo wa Mviringo na Njia ya Kisu: Uamuzi Uwe wa Fundi

Ukingo mkali ni adui wa vitu vitatu: mkono wa binadamu, rangi inayokinga chuma, na uhai wa chombo chenyewe. Mkono hukatwa. Rangi nayo, inapokauka, hujivuta kutoka kwenye makali ya ukingo na kubaki nyembamba mahali hasa inapohitajiwa zaidi. Na katika kisiwa kama Unguja, ambako upepo wa baharini hubeba chumvi, kutu huanzia hapo hapo. Kona kali iliyo ndani ya tundu hukusanya mkazo mpaka ufa ukazaliwa. Kwa hiyo kazi ya kuviringisha kingo, ambayo mtazamaji huidhania kuwa ni pambo tu, ni miongoni mwa kazi za lazima katika karakana yoyote ya metali.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya milingi inayoongozwa kwa tarakimu, ambayo mafundi huiita kwa kifupi CNC. Mashine hiyo haina hiari. Hufuata orodha ya nukta iliyopewa, na kisu chake hupita katika nukta hizo kwa utiifu kamili, ziwe za busara au za upuuzi. Njia hiyo ya kisu ndiyo inayoamua kama ukingo utakuwa laini au wenye matuta, kama kazi itakwisha kwa dakika nne au kwa robo saa, na kama kisu kitadumu au kitaungua. Suala linalostahili kujadiliwa ni hili: ni nani anayepaswa kuichagua njia hiyo? Je, ni programu ya kompyuta, ambayo hutoa jawabu kwa kubonyezwa mara moja, au ni fundi? Makala hii inashikilia kwamba ni fundi, na kwamba chuo kisichomfundisha mwanafunzi kuichagua njia ya kisu kwa hesabu yake mwenyewe humpa cheti cha kubonyeza, si cha ufundi.

Mbweni ni mahali panapofaa kulitafakari suala hili. Hapo, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndipo ilipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo vizazi vya mafundi waliijua kwa jina lake la awali, Chuo cha Ufundi Karume. Hapo pia yapo magofu ya skuli ya wasichana iliyojengwa na wamisionari wa Kiingereza katika ardhi waliyoinunua mwaka 1871 kwa ajili ya makazi ya watu waliotolewa utumwani. Tangu zamani, basi, swali la mtu afundishwe nini ili aweze kujisimamia mwenyewe halikuwa geni Mbweni.

Hesabu iliyomo katika randa

Seremala hahitaji kuelezwa sana maana ya njia ya kisu. Anapotaka kuviringisha ukingo wa mbao, uwe wa mpini, wa kasia au wa ubao wa ngazi, hauviringishi kwa mara moja. Kwanza hupitisha randa kwa mshazari wa nyuzi 45, akapata bapa moja. Kisha huzipitia kona mbili zilizozaliwa na bapa hilo, akapata mabapa matatu. Akiendelea hupata saba, kisha kumi na matano, mpaka kiganja kisihisi tena kona yoyote. Hapo msasa humaliza kazi.

Desturi hiyo ina hesabu ndani yake. Na tuchukuliwe mfano wa ukingo unaotakiwa uwe na nusukipenyo cha milimita 5. Kabla ya kazi kuanza, kona imechomoza nje ya tao linalotakiwa kwa milimita 2.07. Bapa la kwanza hupunguza kimo hicho hadi milimita 0.41. Mabapa matatu hukifikisha 0.098; mabapa saba, 0.024, na mabapa kumi na matano, 0.006. Kila mara pembe iliyo baina ya bapa na bapa inapogawanywa kwa mbili, kimo cha kona zilizobaki hushuka hadi karibu robo ya kilivyokuwa. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: hatua za mwanzo huleta faida kubwa kwa jasho kidogo, na hatua za mwisho hudai jasho jingi kwa faida ndogo. Seremala anajua mahali pa kusimama kwa sababu anajua kitu anachokitengeneza ni cha kazi gani. Mashine haijui.

Waanzilishi wa mashine hizi nao walianza kwa njia hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons wa jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa na kazi ya kutengeneza sehemu za mapanga ya helikopta. Umbo la sehemu hizo alipewa kwa nukta 17 tu. Yeye na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashine za kadi zilizotobolewa ili kukokotoa nukta 200 badala ya 17, kila nukta ikisogezwa kando kwa kiasi cha nusukipenyo cha kisu. Mashine ilipokata katika nukta hizo, vilibaki vituta vidogo ambavyo viliweza kuondolewa kwa tupa. Wazo hilo ndilo lililosababisha Jeshi la Anga la Marekani kugharimia utafiti kuanzia mwaka 1949, na mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kikaonyesha mashine ya milingi iliyoongozwa kwa tarakimu. Tupa, basi, imo katika ukoo wa CNC. Na anayemdharau mwenye tupa haijui asili ya mashine yake.

Kisu cha tufe na matuta yake

Kisu kinachotumika mno kwa maumbo ya mviringo ni kile chenye ncha ya nusu tufe. Kila kinapopita huacha mfereji, na baina ya mifereji miwili hubaki tuta, mfano wa matuta ya shamba la viazi. Kimo cha tuta hilo hukadiriwa kwa kanuni nyepesi. Nafasi iliyo baina ya mapito mawili, ikipimwa juu ya ukingo wenyewe, huzidishwa kwa nafsi yake na kugawanywa kwa 8. Jawabu hilo huzidishwa kwa jumla ya sehemu mbili: moja ikigawanywa kwa nusukipenyo cha kisu, na moja ikigawanywa kwa nusukipenyo cha ukingo.

Ikiwa kisu kina kipenyo cha milimita 6, yaani nusukipenyo cha 3, na ukingo una nusukipenyo cha 5, na tuta linaloruhusiwa ni la milimita 0.01, nafasi baina ya mapito haiwezi kuzidi milimita 0.387. Robo ya duara hiyo ina urefu wa milimita 7.85, kwa hiyo zinahitajika hatua 21, ambazo ni mapito 22 pamoja na lile la kuanzia. Mwenye pupa atasema kiletwe kisu kilicho kikubwa maradufu. Lakini kisu cha kipenyo cha milimita 12 hupunguza hatua hizo kutoka 21 hadi 17 tu, kwa kuwa mviringo wa ukingo wenyewe unachangia tuta bila kujali ukubwa wa kisu. Hata bapa la randa, ambalo ni sawa na kisu kisicho na mviringo kabisa, lingehitaji hatua 13. Kununua kisu kikubwa na ghali, basi, si jawabu la kila tatizo, na hesabu ya dakika mbili ingemwonyesha fundi hayo kabla hajatoa fedha mfukoni.

Katika kona ya ndani mambo hugeuka. Huko sehemu ile ya pili haijumlishwi, bali hutolewa. Kisu kile kile cha nusukipenyo cha milimita 3, katika kona ya ndani yenye nusukipenyo cha milimita 5, huhitaji hatua 11 badala ya 21. Na kisu kikiwa na nusukipenyo cha 5 sawasawa, tuta hutoweka na pito moja hutosha. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hii baina ya kujumlisha na kutoa amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya elimu ya kuchagua visu.

Ngazi zinazodanganya

Kosa linalotokea mara nyingi ni la kuushusha ukingo kwa ngazi zenye kimo sawa. Kwa mwanafunzi jambo hilo huonekana la haki: milimita 5 za kimo zigawanywe kwa 21, na kila pito lishuke kwa milimita 0.238. Lakini ukingo wa mviringo haushuki kwa usawa. Sehemu ya juu imelala, na sehemu ya chini imesimama. Kushuka kwa milimita 0.238 kutoka juu kabisa ni kusafiri karibu milimita 1.55 juu ya tao; na tuta litakalobaki hapo, kwa kisu kile kile cha milimita 6, ni la milimita 0.16, yaani mara 16 ya kiasi kilichoruhusiwa. Kule chini, kwa upande mwingine, matuta ni ya milimita 0.004, laini kuliko inavyohitajiwa. Kazi ni ile ile, mapito ni yale yale 22, lakini mali imemwagwa mahali pasipohitaji na kunyimwa mahali panapohitaji.

Dawa yake si mapito zaidi. Dawa ni kuigawa pembe badala ya kukigawa kimo. Nyuzi 90 zikigawanywa kwa 21, kila hatua ni ya nyuzi 4.29 hivi, na kila tuta, la juu na la chini, ni la milimita 0.009. Kitovu cha tufe la kisu husafiri juu ya tao lenye nusukipenyo cha milimita 8, ambacho ni jumla ya 5 na 3, na kila nukta yake hupatikana kwa jedwali la saini na kosaini ambalo mwanafunzi wa skuli ya sekondari amekwisha kulitumia. Ni kweli kwamba programu nyingi za leo zinalijua kosa hili na hutoa chaguo la matuta yaliyo sawa. Lakini chaguo halijichagui lenyewe. Asiyejua sababu yake atalipita bila ya kuliona, na ukingo wenye mistari atausingizia uchakavu wa mashine.

Lipo pia jambo la mwendo wa makali. Ncha ya kisu cha tufe, pale katikati kabisa, haina mwendo wowote hata kisu kikizunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Haikati, bali husugua. Katika pembe ya nyuzi 30 kutoka juu, makali yanayogusa ukingo yana nusu tu ya mwendo wa makali ya ubavuni. Kwa hiyo ile sehemu ya juu ya ukingo, ambayo njia ya ngazi huipatia mapito machache kuliko zote, ndiyo hiyo hiyo ambayo kisu huikata kwa udhaifu kuliko zote. Fundi anayelijua hilo huacha unene mdogo wa kuondoa hapo, na hupunguza kasi ya meza.

Kwa urefu au kwa kukatiza

Baada ya kuamua nafasi ya mapito, hubaki kuamua upande wake. Kisu chaweza kufuata urefu wa ukingo, au chaweza kukatiza kwa kupanda na kushuka juu ya tao. Kwa ukingo wa urefu wa milimita 400, mapito 22 ya urefu ni safari ya mita 8.8. Mapito ya kukatiza, kwa kuwa upande wa urefu ukingo umenyooka, yanaweza kuachana kwa milimita 0.49, yatakuwa zaidi ya 800, kila moja la milimita 12.6, na safari yake yote ni mita 10.3 hivi. Kwa urefu wa safari, njia hizi mbili hazipitani sana. Lakini katika ya kwanza mashine hugeuka mara 21, na katika ya pili hugeuka mara zaidi ya 800. Kila kugeuka ni kusimama na kuanza upya, na kila kuanza upya hudhihirisha ulegevu uliomo katika skurubu za mashine iliyozeeka. Mashine changa na ngumu huweza kuvumilia. Mashine ya kufundishia, iliyopita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi, haivumilii.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa njia ya urefu ndiyo bora daima. Katika kalibu ya plastiki, mistari inayoelekea upande kitu kinakochomolewa husaidia kitu hicho kutoka bila kunasa, na huenda njia ya kukatiza ndiyo itakiwayo. Hapa pia, uamuzi hauwezi kufanywa na asiyejua kalibu hiyo itafunguliwa vipi.

Kisu cha umbo

Ipo njia ya tatu, nayo ni kutumia kisu kilichonolewa kwa umbo la robo duara yenye mbonyeo, ambacho huuviringisha ukingo kwa pito moja au mawili. Hesabu yake ya wakati yafaa kulinganishwa. Bamba la alumini la mraba wa milimita 400, lenye kingo nne, likifanywa kwa kisu cha tufe kwa mapito 22 na kasi ya milimita 600 kwa dakika, huchukua dakika 59 za kukata. Likifanywa kwa kisu cha umbo, kwa mapito mawili na kasi ya milimita 200 tu kwa dakika, huchukua dakika 16. Katika darasa la wanafunzi 20 wenye mashine moja, tofauti hiyo ni ya saa 20 dhidi ya saa 5 na dakika 20. Si jambo dogo. Ni tofauti baina ya darasa ambalo kila mwanafunzi ameishika mashine kwa mkono wake na darasa ambalo wanafunzi wawili wamekata na kumi na wanane wametazama.

Lakini kisu cha umbo nacho kina masharti yake. Hujua nusukipenyo kimoja tu maishani mwake. Kikiwekwa chini au juu ya mahali pake kwa sehemu ndogo ya milimita, huacha alama ya kidaraja mahali ukingo unapokutana na uso wa bamba. Hukata kwa makali mengi kwa pamoja, hivyo husukuma kwa nguvu na huweza kuitetemesha mashine nyepesi. Kikichakaa, si rahisi kukinoa bila kuliharibu umbo lake. Ni kisu cha kazi inayorudiwa mara nyingi, si cha kazi ya mara moja.

Kazi ya ukingo ndiyo iamue

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba hakuna njia moja iliyo bora kwa kingo zote. Swali la kwanza la fundi lisiwe mashine yaweza nini. Liwe ukingo huu ni wa kazi gani. Kingo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kingo za kukinga mkono na rangi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha viwango vya rangi ya kukinga matangi ya meli yanayotiwa maji ya bahari kwa ajili ya uzani. Humo kingo za chuma zinatakiwa ziviringishwe kwa nusukipenyo kisichopungua milimita 2, au zisagwe kwa mapito matatu, au kwa njia nyingine inayolingana na hizo. Mapito matatu! Shirika linalosimamia usalama wa meli za dunia nzima limeridhika na kile ambacho seremala hukifanya kwa randa. Kutumia saa nzima ya mashine ili kupata ukingo wa namna hiyo wenye matuta ya milimita 0.01 ni ubadhirifu uliovaa joho la ustadi. Kisu cha mshazari kwa pito moja, na tupa kwa mabapa mawili yaliyobaki, vinatosha.

Fungu la pili ni kingo na kona zinazobeba mkazo. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet, zilizotengenezwa Uingereza, zilipasuka angani. Wachunguzi waliitia ndege nyingine ya aina hiyo ndani ya tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakaijaza na kuipunguzia shinikizo mara nyingi kana kwamba inaruka na kutua, mpaka ganda lake likapasuka. Nyufa ziligunduliwa kuwa zimeanzia karibu na kona za matundu yaliyokatwa katika ganda hilo. Katika kona za namna hiyo ukubwa wa mviringo na ulaini wa uso wake ni suala la roho za watu. Hapo fundi asihesabu dakika. Achague kisu cha mviringo unaolingana na kona, na mistari ya kisu aielekeze pamoja na mvutano, isiukatize, kwa maana kila mstari unaoukatiza mvutano ni mwanzo wa ufa.

Fungu la tatu ni kingo za kalibu na za vigezo, ambazo zitanakiliwa katika kila kitu kitakachotoka humo. Tuta moja katika kalibu ni matuta elfu katika ndoo elfu. Hapo ndipo hatua 21, au hata 40, zinapopata uhalali wake.

Umeme unapokatika

Kwa mafundi wa Unguja liko jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulisahau. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikaukosa tena kwa miezi mitatu, baada ya kuharibika njia ya umeme utokao Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Kebo mpya ilizinduliwa mwaka 2013. Hata pasipo na balaa la kiasi hicho, kukatika kwa umeme kwa dakika moja tu kunatosha kuisimamisha mashine katikati ya ukingo.

Mashine ikisimama, ndipo njia iliyochaguliwa na fundi inapotofautiana na njia iliyomwagwa na programu. Orodha ya maelfu ya nukta zisizo na majina haimwambii mtu aanzie wapi. Lakini ukingo uliogawanywa kwa mapito 22, kila pito likiwa na namba na pembe yake, humwezesha fundi kuitafuta upya nukta ya sifuri, kulihakikisha bamba kuwa halijasogea katika jiriwa, na kuanza tena kwenye pito la 13 kana kwamba hapakutokea kitu. Bamba limeokoka na saa zake zimeokoka. Kuchagua njia inayoweza kuendelezwa baada ya kukatika ni sehemu ya uhandisi wa nchi yenyewe, wala si la kuonewa haya.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wahenga walinena mchagua jembe si mkulima, na kwamba mwanafunzi anayekokotoa hatua kwa kalamu wakati kompyuta ipo anapoteza muda ambao angejifunza programu zinazotakiwa na waajiri. Hoja hiyo ina uzito wake. Kijana anayetafuta kazi ataulizwa kuhusu programu, na ni haki yake kufundishwa. Aidha, kwa maumbo yenye mikunjo mingi hakuna binadamu awezaye kukokotoa nukta zote kwa mkono. Kuikataa kompyuta hapo itakuwa ni ukaidi.

Lakini makala hii haisemi kompyuta ikataliwe. Inasema iulizwe na mtu anayejua jawabu linavyopaswa kufanana. Methali ile ya jembe humkaripia mvivu anayetafuta kisingizio. Haimsifu anayelima mawe kwa sababu jembe limeelekezwa huko. Programu hubadilika kila baada ya miaka michache, na leseni zake huisha; kanuni ya tuta haijabadilika tangu Parsons aichukue tupa yake. Mwajiri naye, hata awe wa ng'ambo, hamlipi mtu kwa kubonyeza, kwa kuwa kubonyeza anaweza kila mtu. Humlipa yule anayetazama njia katika kioo cha kompyuta na kusema kabla ya chuma kuguswa: "Hapa juu patabaki mistari."

Wengine watasema kuwa mashine za mihimili mitano, ambazo huweza kukiinamisha kisu, zitaondoa matatizo haya. Zitayapunguza, ndiyo. Hata hivyo Tanzania ina historia ya kujifunza kutokana nayo. Katika mpango wa viwanda vya msingi uliotungwa mwaka 1975, taifa lilijizatiti kupata viwanda vya zana vyake lenyewe. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na lile la usanifu wa mitambo huko Arusha, TEMDO, kwa sheria ya mwaka 1980. Nia ya wakati huo haikuwa kununua mashine tu, bali kumiliki uwezo wa kusanifu na kuamua. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Uwezo wa kuamua hauji ndani ya kasha la mbao pamoja na mashine.

Karatasi moja

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji fedha. Kila mwanafunzi, kabla ya kuruhusiwa kuiwasha mashine ili aviringishe ukingo, na awasilishe karatasi moja yenye majibu ya maswali saba. Ukingo huu ni wa kazi gani? Tuta gani linaruhusiwa, na kwa sababu gani? Kisu ni kipi? Nafasi baina ya mapito ni kiasi gani, na imegawanywa kwa pembe au kwa kimo? Mapito yafuate urefu au yakatize? Dakika ngapi zitatumika? Na umeme ukikatika, kazi itaanzia wapi? Baada ya hapo mwanafunzi aitumie programu apendavyo, alinganishe jawabu lake na la programu, na pale yanapotofautiana aeleze ni nani aliyekosea.

Aidha, ukingo wa kwanza wa kila mwanafunzi ungefaa uwe wa tupa: bapa moja, mabapa matatu, mabapa saba, yakipimwa kila mara. Kiganja kilichokwisha kuhisi tofauti ya milimita 0.4 na milimita 0.1 hakitaandika tarakimu katika kompyuta bila kujua kinaandika nini.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi na wachongaji wa milango ya Mji Mkongwe hawakupata umaarufu wao kwa ukali wa patasi na tezo peke yake. Waliupata kwa kujua mahali pa kupitisha chombo na mahali pa kukizuia. Elimu hiyo ndiyo inayotakiwa kuingia katika karakana zenye mashine mpya. Taifa litakalowaachia wengine kuamua njia ya kisu litabaki na kingo zilizoviringwa na watu wasioona bahari yake wala kutu yake. Na kijana wa Mbweni atakuwa mlinzi wa mashine ambayo angeweza kuwa bwana wake.